Miaka 15 ya Babu iko wapi?

Naam ndugu zangu, leo tuache kidogo siasa za majukwaani. Nataka niwasimulie habari ya bati la biskuti.

Bibi yangu anakaa Mji Mkongwe, upande wa Malindi, kwenye nyumba ambayo ngazi zake zinalia hata akipanda paka. Majuzi alinituma chini ya kitanda nimtolee cheti chake cha kuzaliwa. Nikavuta bati kongwe la biskuti, rangi yote imeshabanduka. Ndani nikakuta karatasi za marehemu Babu: picha moja yuko na kaptula ya kaki na kofia ya tarbushi, filimbi iliyoota kutu, na bahasha ya barua zilizokunjwa mara nne nne.

"Hizo ndizo pensheni za babu yako," Bibi akaniambia, akacheka kicheko kisichokuwa na furaha. "Wenzake walichukua fedha. Yeye alichukua makaratasi."

Babu aliingia polisi hapa Unguja mwaka 1957, kijana wa miaka kumi na tisa aliyetokea Makunduchi. Mwisho wa 1972 akatoka polisi akaingia kikosi kingine hapa hapa kisiwani. Akastaafu 1991. Hesabu ya kidole tu: miaka 34 amevaa sare. Lakini kwenye karatasi ya mafao yake imeandikwa miaka 19. Ile 15 ya mwanzo haimo. Haikukatwa wala haikukataliwa kwa maandishi, basi tu haimo, kama mtu aliyesahauliwa kwenye orodha ya karamu.

Nilikuwa na miaka tisa alipofariki mwaka 2006. Ninachokumbuka ni mkoba wake wa ngozi, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa nikimbebea alipokwenda "kufuatilia". Neno hilo nililisikia sana utotoni mpaka nikadhani kufuatilia ni kazi yenyewe. Ofisi moja hapa Unguja ilimwambia miaka ile faili lake liko Dar es Salaam. Akapanda boti. Ofisi moja ya ng'ambo ya maji ikamwambia baadhi ya miaka hiyo ni ya kabla ya Muungano, kwa hiyo arudi Unguja. Akarudi. Mwishowe akaacha kupanda boti, akabaki kwenye baraza na kahawa yake.

Sasa mimi mwandishi wa habari, na mwandishi akikuta karatasi hawezi kuziacha zilale. Nikaanza kusoma. Na nilichogundua ni kwamba suala la askari anayehama jeshi moja kwenda jingine, na haki yake ya uzeeni kumfuata au kutomfuata, limepita katikati ya historia yote ya visiwa hivi. Tena mara moja limepita na damu.

Hebu tuanze mwanzo.

Mwaka 1890 Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza. Mwaka huo huo, kule kwao, Waingereza walipitisha sheria ya polisi iliyompa askari wao haki ya pensheni akishatimiza miaka 25 ya utumishi. Tena wao hawakuwa na jeshi moja la polisi. Kila jimbo na kila mji mkubwa ulikuwa na polisi wake, na hata leo Uingereza na Wales zina majeshi ya polisi 43 ya maeneo. Kwa hiyo swali la askari kuhama walilazimika kulijibu mapema: akitoka Manchester akaenda London, miaka yake ya Manchester nani ataihesabu na nani ataigharimia?

Ukiliangalia kwa utulivu, swali hilo lina vipande vitatu. Kwanza kuwe na kumbukumbu, yaani karatasi inayoonesha mtu alianza lini na akaishia lini. Pili, mwajiri mpya akubali kwamba utumishi wa zamani ni sehemu ya utumishi wake. Tatu, fedha. Ama mfuko wa zamani uhamishie mpya kiasi kinacholingana na miaka ile, ama kila mmoja alipe fungu lake mtu akistaafu. Kimoja kikikosekana, viwili vilivyobaki havina maana. Unaweza kuwa na karatasi safi na mwajiri mwema, lakini kama hakuna anayejua fedha zinatoka wapi, utapanda boti mpaka miguu iishe nguvu.

Waingereza hilo walilijua, na makoloni yao waliyawekea utaratibu. Ofisa aliyetumikia Kenya miaka kadhaa, akahamishiwa Zanzibar, kisha akamalizia Cyprus, hakupoteza kitu. Utumishi wake ulihesabiwa kama mmoja, na kila serikali aliyoitumikia ilichangia sehemu yake kwenye pensheni. Yaani utaalamu wa kuhamisha haki ya pensheni kutoka jeshi hadi jeshi ulikuwepo hapa hapa, kwenye makabati ya ofisi za hapa hapa, wakati Babu anapiga lindo la usiku. Tatizo ni kwamba ulitengenezwa kwa ajili ya maofisa. Mtu wa chini, yule wa filimbi na kirungu, mara nyingi alichotazamia mwisho wa kazi ni kiinua mgongo, fungu la mara moja. Tena sheria za pensheni za makoloni zilikuwa na kifungu kinachosema wazi kwamba pensheni si haki kamili ya mtumishi, bali serikali inaweza kuitoa. Kule kwao haki, huku kwetu hisani. Neno moja tu, lakini tofauti yake ni mbingu na ardhi.

Sasa tuje kwenye yale ya damu.

Polisi wa Zanzibar kabla ya uhuru hawakuwa watu wa Unguja na Pemba peke yao. Wengi walitoka bara: Tanganyika, Kenya, hata Nyasaland ambayo leo ndiyo Malawi. Walikuwa na makambi yao, wake zao, watoto wao wanasoma skuli za hapa. Babu alipenda kumtaja rafiki yake mmoja aliyetokea Tabora. Walilala chumba kimoja kambini na walikuwa wakigawana sigara moja usiku wa zamu.

Tarehe 10 Desemba 1963 bendera ya Uingereza ikashushwa. Serikali mpya ya Waziri Mkuu Muhammad Shamte, chini ya Sultani Jamshid bin Abdullah, iliwaangalia askari wale wa bara kwa jicho la wasiwasi. Kwa nini, historia inajulikana. Upinzani wa Afro-Shirazi ulikuwa na wafuasi wengi miongoni mwa watu wenye asili ya bara, na vurugu za uchaguzi za Juni 1961, zilizoua watu 68, zilikuwa bado mbichi vichwani. Serikali ikaamua kuwaondoa askari wa bara na kuingiza wengine inaowaamini. Nafasi zao zikaanza kujazwa na vijana ambao hata mafunzo walikuwa hawajayapata vizuri.

Tafakari hapo kidogo, msomaji wangu. Una mtu amefundishwa kutumia bunduki. Anajua ghala la silaha liko wapi, funguo anashika nani, na zamu hubadilishwa saa ngapi. Leo unamwambia: kazi basi, wewe si mwenyeji. Miaka aliyotumikia haina pa kwenda. Zanzibar haimtaki, na polisi ya kwao haikumwajiri yeye, imeajiri wengine. Hakuna jeshi la kumpokea na hakuna hesabu ya kumfuata. Anabaki Ng'ambo, hana kazi, ana uchungu.

Mwezi mmoja na siku mbili baada ya uhuru, alfajiri ya tarehe 12 Januari 1964, watu kati ya 600 na 800, wengi wakiwa na silaha duni, walivamia vituo vya polisi na maghala ya silaha hapa Unguja. Ziwani ikaanguka. Mtoni ikaanguka. Kituo cha Malindi, huku chini karibu na bandari, ndicho kilichochelewa, na Kamishna Mwingereza J. M. Sullivan alikuwa huko na watu wake. Siku ile ile serikali ikawa imekwisha na Sultani yuko baharini. Wanahistoria wengi wanaoeleza kwa nini Mapinduzi yalikwenda haraka vile hutaja jambo hili: serikali ilikuwa imejivua nguo yenyewe kwa kuwafukuza askari waliokuwa wanajua kazi, na baadhi yao wakawa upande wa pili usiku ule.

Simaanishi kwamba Mapinduzi yalitokea kwa sababu ya kiinua mgongo. Jamani, msinielewe vibaya. Mapinduzi yalikuwa na mizizi mirefu ya ardhi, rangi, karafuu, na matokeo ya uchaguzi ambayo wengi hawakuyakubali. Ninachosema ni kidogo zaidi lakini kina uzito wake: serikali inayomtoa askari bila kujali miaka yake inamtupa mtu ambaye ndiye iliyemfundisha kupigana.

Nilimuuliza Bibi rafiki wa Tabora aliishia wapi. Akanyamaza, akatengeneza mtandio wake, akasema, "Babu yako hakumwona tena. Na alikuwa hapendi kuulizwa."

Haya, tuendelee.

Baada ya Mapinduzi Babu alibaki kazini. Kamishna mpya akawa Edington Kisassi, askari mwenye asili ya Kilimanjaro aliyekuwa pia mjumbe wa Baraza la Mapinduzi. Polisi wa Tanganyika nao wakaletwa kusaidia ulinzi. Kisha tarehe 22 Aprili 1964 Nyerere na Karume wakatia saini Hati za Muungano, na tarehe 26 Aprili ukawa Muungano wenyewe. Mambo ya Muungano yalikuwa kumi na moja, na polisi ilikuwa mojawapo.

Kwa hiyo Babu, bila kutoka kwenye kituo chake, bila kubadilisha hata kitanda, akahama jeshi. Jana alikuwa polisi wa Zanzibar, leo ni polisi wa Jamhuri ya Muungano. Mwajiri kabadilika juu ya kichwa chake huku yeye amesimama pale pale pembeni mwa barabara.

Lakini hapa ndipo penye fumbo. Hati zile zilisema sheria zilizokuwepo Tanganyika na Zanzibar zitaendelea kutumika kila moja kwenye eneo lake. Ni jambo la busara, huwezi kuamka asubuhi ukafuta sheria zote. Polisi ikawa ya Muungano. Pensheni na hifadhi ya jamii hazikuwemo kwenye yale kumi na moja. Orodha hiyo baadaye ilikua ikafika ishirini na mbili, na hifadhi ya jamii haikuingia hata hapo. Askari ni wa Muungano, lakini akitoka polisi akaingia kikosi cha visiwani, anavuka mpaka ambao haupo kwenye ramani yoyote.

Wasomaji wa bara huenda hawajui kwamba Zanzibar ina vikosi vyake ambavyo si vya Muungano. Tunaviita Idara Maalum za SMZ: KMKM wenye makao Kibweni, JKU, Chuo cha Mafunzo ambacho ninyi mnakiita Magereza, Zimamoto, na Valantia. Hivi viko chini ya Serikali ya Mapinduzi. Kutoka Ziwani mpaka Kibweni ni safari fupi tu ya daladala. Ila kwa hesabu za pensheni umetoka serikali moja ukaingia nyingine.

Ngoja niwape mfano wa kinyume, muone jinsi mambo yanavyoweza kwenda pale mwenye haki anapokuwa na mtu wa kumsemea.

Maofisa wa Kiingereza waliotumikia Tanganyika wakati wa ukoloni waliondoka na pensheni zao zikiwa zimelindwa na makubaliano ya serikali kwa serikali. Tanganyika huru ikaendelea kuwalipa. Mwaka 1968 serikali ya Nyerere ikasema basi: pensheni ya utumishi wa kikoloni wa kabla ya uhuru aibebe aliyetawala. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Kwa nini mkulima wa Sukuma amlipe mzee anayekula uzee wake Sussex kwa kazi ya kumtawala baba yake? Uingereza ikakasirika, ikakata misaada. Ugomvi wa pensheni ukawa ugomvi wa mataifa. Na mwisho wake? Mwaka 1973 bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuziwezesha pensheni za maofisa wake waliotumikia makoloni zibebwe na Uingereza yenyewe.

Umeona? Mzee wa Sussex alipokwama, nchi mbili zilikoromeana mpaka akapata. Mzee wa Makunduchi alipokwama, alikwama na mkoba wake wa ngozi na mjukuu wa kumbebea.

Na Babu hakuwa peke yake Afrika Mashariki. Jumuiya ya kwanza ilianza 1967, ikafa 1977. Maelfu ya watu walikuwa wanafanya kazi kwenye mashirika yake: reli, bandari, ndege, posta na simu. Mtu aliajiriwa Tabora akapelekwa Nairobi, akatoka Nairobi akapelekwa Kampala, na wote walikuwa chini ya mwajiri mmoja. Siku mwajiri alipokufa, miaka yao ikabaki yatima. Ilichukua mpaka tarehe 14 Mei 1984, pale Arusha, ndipo nchi tatu ziliposaini makubaliano ya kugawana mali na madeni, baada ya usuluhishi mrefu wa Mswisi, Dkt. Victor Umbricht. Humo ilikubaliwa kwamba kila nchi itawalipa raia wake. Kwenye karatasi jambo limekwisha. Kwenye maisha, wazee wa Tanzania walikwenda mahakamani, na mwaka 2005 yakafikiwa makubaliano nje ya hukumu yaliyogusa wadai zaidi ya 31,000. Hata baada ya hapo, wengi mnakumbuka picha za wazee waliojilaza barabarani Dar es Salaam wakisema bado hawajalipwa sawasawa.

Wale hawakuwa polisi, lakini kisa ni kile kile. Kumbukumbu zilikuwepo na aliyekubali deni alikuwepo. Kilichogombaniwa ni fedha.

Turudi kwa Babu sasa. Kipande chake kilichovunjika ni kipi?

Mimi mwanzo nilidhani fedha. Halafu nikafikiri labda kumbukumbu zimepotea, maana mji huu unyevu wake unakula karatasi kama mchwa. Usiku mmoja umeme umekatika, nikazitandika barua zile sakafuni, nikawasha tochi ya simu, nikasoma moja baada ya nyingine. Barua ya kuajiriwa 1957 ipo. Cheti cha mafunzo kipo. Mpaka vocha moja ya mshahara ipo. Halafu nikafika kwenye karatasi ndogo ya Novemba 1972, nusu ukurasa, taipu imefifia. Inasema askari namba fulani "ameacha kazi kwa hiari yake".

Asubuhi nikampelekea Bibi. Nikamsomea. Akanitaka niirudie.

"Ameacha?" akasema. "Nani ameacha? Alikuja mtu jioni akamwambia Jumatatu uripoti kule, nguo utapewa huko huko. Mimi mwenyewe ndiye niliyempigia pasi shati la Jumatatu hiyo. Angeachaje kazi Ijumaa na Jumatatu yuko kazini?"

Hapo ndipo nilipokaa chini.

Maana kwenye sheria za pensheni, za zamani na nyingi za sasa, kuna tofauti kubwa baina ya maneno mawili: kuhamishwa na kuacha. Aliyehamishwa kwa idhini ya serikali, utumishi wake ni kamba moja hata ukibadilika mwajiri. Aliyeacha kwa hiari amekata kamba. Akiajiriwa kwingine, hata kesho yake, anaanza moja. Mwaka 1972, mwaka ambao Mzee Karume aliuawa Aprili na nchi nzima ilikuwa roho juu, watu walipangwa kwa amri ya mdomo, kwa mujibu wa Bibi. Anayeamriwa hakuuliza, "Naomba barua ya uhamisho." Karani fulani, ambaye pengine alitaka tu kufunga faili aende nyumbani, akaandika neno alilolizoea. Ameacha.

Neno hilo moja lilimla Babu miaka 15. Saba ya kabla ya Muungano na minane ya baada yake. Na ofisi zile mbili zilizokuwa zikimrusha kama mpira, sidhani kama kuna hata moja iliyomfungulia faili ikamwonesha neno hilo. Angeliona, angebishana. Alikuwa na mashahidi wakati ule, wenzake walikuwa hai. Badala yake alibishana na bahari.

Mtasema hayo ni ya zamani, siku hizi kuna mifuko na kompyuta. Ni kweli mambo yamebadilika, na ni haki kuyasema. Mwaka 1998 Zanzibar ilianzisha ZSSF, ambapo mwanzoni mfanyakazi alikuwa akichangia asilimia 5 na mwajiri asilimia 10. Bara ikafuata na PSPF kwa sheria ya 1999, asilimia 5 kwa mtumishi na 15 kwa mwajiri. Hili ni badiliko kubwa, maana zamani pensheni ilitoka Hazina na hakukuwa na akaunti yenye jina lako. Sasa kuna michango, inahesabika, na kinadharia kinachohesabika kinahamishika. Mwaka 2018 PSPF ikaunganishwa na LAPF, PPF na GEPF, ukazaliwa PSSSF. Walioko bara waliokuwa wakihama mfuko mmoja hadi mwingine walipungukiwa na kero moja, maana kuta nne zikawa ukumbi mmoja.

Lakini ukuta wa baharini haukuguswa. ZSSF ni wa Zanzibar na sheria yake inatungwa Baraza la Wawakilishi, Chukwani. PSSSF sheria yake inatungwa Dodoma. Mifuko miwili, vyombo viwili vya kutunga sheria, na kanuni za kukokotoa ambazo kila upande unaweza kuzibadilisha peke yake. Mnakumbuka Desemba 2018 kikokotoo kipya kilivyozua kelele mpaka Rais Magufuli akakisimamisha, halafu Julai 2022 kikaja kingine chenye mkupuo wa asilimia 33. Kila hesabu inapobadilika upande mmoja, anayevuka katikati anavuka daraja ambalo mbao zake zinahamishwa. Hata ndani ya vyombo vya ulinzi hesabu si moja. Wabunge wamewahi kuhoji kwa nini polisi wawe kwenye mfuko wa watumishi wakati mwanajeshi wa JWTZ analipwa na Hazina.

La kuchekesha, kama si la kuliza, ni kwamba Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazungumzia haki za hifadhi ya jamii za mfanyakazi anayehama nchi. Tunaota mwalimu atoke Kigali afundishe Mombasa na mafao yake yamfuate. Ndoto nzuri, nami naiunga mkono. Ila kabla hatujafika Kigali, mimi ningependa nione Ziwani na Kibweni zinasomana.

Na Serikali ya Mapinduzi tuipe sifa yake panapostahili. Mwaka 2016 ilianza kuwalipa wazee wote wa miaka 70 na kuendelea Pensheni Jamii, shilingi 20,000 kwa mwezi wakati huo, bila kuulizwa faili wala barua. Mkulima wa mwani wa Paje, mvuvi wa Nungwi, mama wa nyumbani wa Kikwajuni, wote. Bibi akaipata. Siku ya kwanza alirudi nyumbani, akaziweka zile noti juu ya bati la biskuti, akasema, "Hizi wamenipa kwa sababu nimezeeka. Za babu yako walitakiwa wampe kwa sababu alifanya kazi." Ni vitu viwili tofauti, na Bibi hakusoma sheria wala uchumi.

Sasa wewe msomaji wangu, kijana mwenzangu uliyeko ofisini, pengine unahama mwezi ujao kutoka taasisi moja kwenda nyingine, kutoka bara kuja visiwani au kinyume chake. Usidanganyike na kompyuta. Kompyuta inaandika kile karani alichoiambia. Kabla hujakabidhi kitambulisho, omba barua, na uisome neno kwa neno. Umehamishwa, umeazimwa, au umeacha? Uliza michango yako inabaki wapi, nani atailipa na lini, na uulize kwa maandishi upate jibu kwa maandishi. Weka nakala mbili, moja kwako na moja kwa mama yako.

Na wale mlio na wazee waliovaa sare, iwe polisi, magereza, KMKM, JKU, reli au bandari, wakati bado wanaongea, kaeni nao. Mwombeni mzee akutolee bati lake. Kila nyumba ina bati. Tafuteni lile neno.

Mimi nimeshaandika barua. Nimeambatisha nakala ya ajira ya 1957, nakala ya ile karatasi ya Novemba 1972, na karatasi inayoonesha aliripoti kikosi kipya Jumatatu iliyofuata. Baina ya tarehe hizo mbili kuna siku mbili, Jumamosi na Jumapili. Nimeandika kwamba mtu haachi kazi kwa hiari yake kwa ajili ya kupumzika wikiendi. Nilipoipeleka, kijana wa mapokezi aliipiga muhuri, akanitazama, akaniuliza, "Mwenyewe yuko wapi?"

Nikamwambia amefariki 2006.

"Sasa unafuatilia nini?"

Sikumjibu, maana jibu lake lingenichukua mchana mzima. Nilirudi nyumbani, nikamwonesha Bibi muhuri. Akaukagua kwenye mwanga wa dirisha, akaikunja ile nakala mara nne, akaitia ndani ya bati.